Mpaka wa Mwisho Afike

Mwezi uliopita Mama Ndahani alitualika nyumbani kwake Miyuji kula chakula cha mchana. Hakutaja sababu. Tulipofika, binti yake ndiye aliyetuambia kwamba mama ameanza kutembea bila fimbo tangu avunjike nyonga, na ameona jambo hilo linastahili mbuzi. Sebule yake haijabadilika. Makochi ni yaleyale yenye vitambaa vya kufuma, kalenda ya kanisa iko ukutani, na kabati la vioo bado limejaa vikombe ambavyo sijawahi kuona mtu akivinywea. Zuhura alikuwa amefika kabla yangu na wanawe wawili, na bwana mmoja wa jirani alikuwa amekaa pembeni akisoma gazeti la juzi. Harufu ya nyama ilitoka jikoni kwa ukarimu mkubwa, lakini hakuna aliyepakua, kwa sababu Bwana Temu, ambaye siku hizi anaishi Singida, alikuwa bado njiani. Basi lake lilipasuka tairi huko Manyoni. Tukasubiri. Watoto wa Zuhura wakaanza kuuzunguka mlango wa jikoni, mwishowe mdogo akamuuliza mama yake kwa kunong'ona kama kuna shida yoyote. Zuhura akanitazama, tukaanza kucheka wote wawili, na nikajua kwamba siku ile hatungezungumza jambo jingine ila mwaka ule.

Mwaka ule nilikuwa mwaka wa pili chuoni, kule Chimwaga. Chumba chetu cha hosteli kilikuwa na dirisha linalotazama upande unaotoka upepo, hivyo kila asubuhi meza ilikuwa na vumbi jekundu hata kama tuliifuta usiku. Zuhura alilala kitanda cha chini, mimi cha juu. Alitokea Kondoa, kijiji kilicho karibu na Kolo, sehemu za milima na mawe, na tangu akiwa mdogo alikwenda shule kwa baiskeli. Aliweza kupanda mlima huku anakusimulia jambo refu, halafu akageuka kuuliza mbona husemi kitu, wakati wewe hata pumzi ya kujibu huna. Mimi nilikuwa mkimbiaji wa shule, na niliringa kidogo kwa hilo. Wakati wa jioni tulipika kwa siri kwenye jiko la umeme tulilolificha chini ya kitanda, wali na maharage mara nyingi, na yeye alikuwa na kopo la karanga za kukaanga kutoka kwao ambalo halikuisha. Nikiulizwa leo kama nilikuwa na furaha wakati ule, nakumbuka kopo lile kwanza kabla ya kukumbuka masomo.

Mwezi wa tano likabandikwa tangazo karibu na mgahawa wa chuo. Kuna watu wameandaa triathloni kwenye bwawa moja nje ya mji. Wengi wetu hatukulijua neno lile. Kijana mmoja wa kitivo cha elimu akalieleza mbele ya tangazo kwa sauti ya mtu aliyewahi kushiriki, ingawa hakuwahi: unaogelea, unatoka majini unapanda baiskeli, unashuka kwenye baiskeli unakimbia, na hakuna kupumzika katikati. Wanafunzi wakaibatiza papo hapo jina la tatu kwa moja. Zuhura alisoma lile tangazo mara mbili, akasema baiskeli ni yake, mbio ni zangu, na maji tutayaona hukohuko. Hivyo ndivyo tulivyojiandikisha, watu wawili ambao mmoja alijua kuogelea kwa kubahatisha mtoni na mwingine hakujua kabisa.

Sitaeleza sana siku ile ya bwawani, lakini bila kuieleza kidogo hayo mengine hayatakuwa na maana. Tuliambiwa tuwepo alfajiri, tukawepo. Tukamsubiri mgeni rasmi mpaka jua likapanda na muziki wa spika ukatuchosha masikio. Tuliambiwa maji yanafika kifuani na asiyejua kuogelea atembee; hayakufika kifuani tu, na tulipoachiwa wote kwa pamoja nilipigwa teke la taya na mtu ambaye mpaka leo sijamjua. Nikatoka nikiwa nimeshika kamba kama mbuzi aliyetumbukia kisimani. Baiskeli zote zilikuwa zimelundikwa chini ya mti mmoja, na kila mtu akivuta yake anaangusha tano za wenzake. Kwenye kituo cha pili cha maji nilikuta chupa tupu zinapeperuka. Nilifika mwisho mchana kweupe, nikakuta vijana wanakunja lile geti la kumalizia, lile la kujazwa upepo, na mmoja wao akanionyesha kwa kidole nipite pembeni ili nisikanyage. Washindi walikuwa wameshapewa zawadi na kuondoka. Nikakaa kwenye jiwe kumngoja Zuhura. Kwenye maji alikuwa amenyang'anywa muda na lile rundo la watu, akatoka nyuma yangu, nami nilikuwa na hakika kwamba atanipita kwenye baiskeli. Hakunipita. Na sasa hakuwa akitokea.

Njiani kulikuwa na njia panda. Mtu aliyewekwa pale kuelekeza aliona gari la mbele limeshapita na kundi kubwa limepita, akadhani kazi imekwisha, akaomba lifti kwenda kula. Zuhura alipofika hapo hakukuta mtu, akafuata njia iliyoonekana kutumika zaidi, ambayo ilimpeleka nyikani kwa wafugaji. Aliendesha mpaka maji yake yakaisha, na bado akaendelea, kwa kuwa kila kilima alidhani ndicho cha mwisho. Wanawake wa Kigogo waliokuwa wakichota maji kwenye kisima cha mchangani ndio waliomwona ameanguka kando ya baiskeli yake. Walimwekea kivuli cha khanga, wakamnywesha kidogo kidogo, wakamtafuta mwenye pikipiki. Hawakujua Kiswahili kingi, naye hakujua Kigogo, lakini mpaka leo anakumbuka neno moja walilomrudia, na amesema halikuwa neno la kumlaumu.

Nilimkuta hospitali jioni, amewekewa dripu, midomo imepasuka. Aliyekuwa zamu pale wodini alikuwa muuguzi mkuu, mwanamke mnene, mrefu, miwani ikining'inia kifuani kwa kamba. Huyo ndiye Mama Ndahani. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba bila kunitazama, kwa kuwa alikuwa anaitazama dripu. Kisha akavuta kiti, akakaa, akamuuliza Zuhura swali ambalo sikulitegemea.

"Nyuma yako alikuwa nani?"

"Sijui, Mama."

"Na mbele yako?"

"Sijui."

Akageuka kwangu na kuniuliza vilevile, nikajibu vilevile. Akatikisa kichwa polepole.

"Basi hayo hayakuwa mashindano, wanangu. Mlikuwa mnatoroka, kila mmoja peke yake."

Zuhura alilala hospitali siku chache, nami nilikwenda kila jioni, na katika kwenda huko ndipo nilipomfahamu Bwana Temu, mtaalamu wa mazoezi ya viungo wa hospitali ileile, mwembamba, mwenye sauti ya mtangazaji wa redio. Aliwahi kushiriki triathloni akiwa masomoni mbali, akawa haachi kuizungumzia, na wauguzi walikuwa wakimkimbia koridoni ili asianze tena. Aliposikia habari za Zuhura aliona haya kana kwamba mchezo wenyewe ni ndugu yake aliyefanya jambo la aibu. Alikaa kitandani kwake akamweleza kwamba sivyo inavyokuwa. Kwamba ikipangwa vizuri, mtu wa kawaida ambaye hatashinda kamwe hurudi nyumbani akiwa na furaha kuliko aliyeshinda. Zuhura alimsikiliza kwa adabu. Bwana Temu alipoondoka, Zuhura aligeukia ukuta.

Jumapili chache baadaye Mama Ndahani alituita nyumbani kwake, mimi na Zuhura, kula. Nilikuwa jikoni nachambua mlenda na binti yake, mlango wa sebuleni umeachwa wazi, na humo ndani Bwana Temu alikuwa akizungumza. Alitaka hospitali na kanisa waandae triathloni yao, na alitaka ifanyike kwenye bwawa la Mtera. Aliyapamba maji yale, ukubwa wake, milima nyuma, picha zitakazotoka. Mama Ndahani alimwacha amalize. Kisha nikamsikia akiuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama wale mamba wa Mtera nao watavaa namba. Binti yake aliangua kicheko akaangusha majani. Bwana Temu hakukata tamaa. Wiki iliyofuata alitupeleka Mtera kwa gari la kuazima ili tujionee. Tulikula perege wa kukaanga na ugali kwenye kibanda karibu na mialo ya wavuvi, na wavuvi walipoelezwa mpango wetu, mmoja aliuliza tu kwa heshima kama mtumbwi wa kuwalinda waogeleaji utakuwa mbele au nyuma. Tukiwa bado tunakula, kitu kama jiwe kikainuka majini si mbali sana na ufuko, kikapiga chafya, kikazama. Alikuwa kiboko. Bwana Temu alimaliza samaki wake, na tulipokuwa njiani kurudi akasema pengine bwawa la kuogelea la kituo cha mafungo pale Miyuji lingetosha.

Lilitosha. Lilikuwa bwawa dogo la vigae vya bluu, vingine vimeng'oka, na masista wanaokitunza kituo walikubali kwa masharti: tuvae nguo za heshima, tusipige kelele wakati wa sala, na anayejifunza asiingie bila mtu wa kumwangalia. Kila Jumamosi Bwana Temu alitufundisha watu wa aina zote: wauguzi, makarani wawili wa bungeni, mwalimu wa sekondari aliyekaribia kustaafu, wanafunzi, na mchungaji mmoja wa Kianglikana aliyeogopa maji kuliko mimi. Niliogopa sana. Nilishika ukingo wa bwawa Jumamosi mbili nzima. Bwana Temu hakunivuta. Alichuchumaa pale juu akaniambia nitumbukize mdomo tu, nipulize kama napoza uji. Nikapoza uji mpaka wenzangu wakanipachika jina hilo. Jumamosi ya tatu niliachia ukingo, na nikiwa nimeinamisha uso niliona kivuli changu kinapita juu ya vigae vya chini, kinakwenda peke yake kama cha ndege, nikasahau kuogopa kwa muda wa kutosha kufika ng'ambo.

Zuhura hakuja bwawani. Alirudi darasani, alicheka kama zamani, karanga zake aligawa kama zamani, lakini baiskeli aliisimamisha nyuma ya mlango akaitundikia khanga na mikoba mpaka ikafanana na kabati. Siku moja nilimwuliza moja kwa moja. Akashusha khanga na mikoba, akaikokota mpaka miguuni pangu.

"Chukua wewe," akasema. "Mimi kwenye barabara ambayo sioni mtu sirudi tena."

Sikubishana naye. Nilipomweleza Mama Ndahani, naye hakushangaa. Alikuwa wakati huo amekwishauchukua mpango wote mikononi mwake kama anavyochukua wodi. Vikao vilifanyika sebuleni kwake, chai ya maziwa na mihogo ya kuchemsha mezani, na mara nyingi nilikaa sakafuni kwa kuwa viti havikutosha. Leo kazi yangu ni kuandaa mikutano ya serikali, mikubwa na midogo, na nimekwisha kukaa na wataalamu wa kila aina wa shughuli hiyo. Lakini yale ninayoyafanya kweli nilijifunza kwenye sakafu ile. Bwana Temu alileta hoja za saa za kupimia na medali. Mama Ndahani aliuliza maswali ya mtu atakayekuwa mgonjwa. Mtu akitoka majini ana baridi, taulo yake iko wapi? Akifika kwenye baiskeli mikono inatetemeka, nani atamsaidia kufunga kofia? Mtu akishindwa na kutaka kuacha, anaacha wapi, na nani atampa kiti bila kumtia aibu? Wazo la kualika mgeni rasmi alilikataa. Alisema mgeni rasmi huchelewa, na jua la Dodoma halimsubiri mtu. Kisha alitaka kila njia panda iwe na mtu, na mtu huyo asiondoke mpaka apitiwe na pikapu itakayokuwa nyuma ya mshindani wa mwisho. Njia panda moja iliyokuwa na hatari zaidi ilikuwa karibu na Veyula, pale tunapoacha lami na kuingia njia ya vumbi ya mashamba ya zabibu, kwa sababu tawi la kushoto linakwenda porini moja kwa moja. Hiyo aliiacha wazi hadi mwisho wa kikao. Halafu akamgeukia Zuhura, ambaye alikuja kunywa chai tu, akamwomba asimame pale. Zuhura akakiweka kikombe chake mezani. Akauliza kama atakuwa peke yake. Mama Ndahani akamwambia hapana, atakuwa na Sista Yudita, na mwavuli, na maji ya kunywa ya kuzidi. Zuhura akakubali.

Siku ya mashindano yetu ilikuwa mwishoni mwa mwezi wa nane, wakati zabibu zinavunwa. Jioni ya kuamkia siku ile tulikusanyika kituoni, Bwana Temu akatutembeza kila mahali kwa miguu: mnaingia majini hapa, mnatoka hapa, mnakimbia juu ya jamvi hili msiteleze, baiskeli zenu hizi. Baiskeli ziliegemezwa kwenye kamba iliyofungwa kati ya mikwaju miwili, kila moja na nafasi yake na namba yake, na chini ya kila moja ndoo ndogo ya kuwekea viatu. Ninalikumbuka jambo hilo la ndoo kwa sababu usiku ule nililala vizuri. Nilikuwa najua viatu vyangu viko wapi, najua kona ya kwanza ni ipi na nani atakuwa amesimama pale. Hofu yangu ilibaki ndogo, ya kunitosha mimi, na niliweza kuibeba.

Saa moja kamili asubuhi tulianza. Tuliingia majini kwa makundi madogo, waogeleaji hodari kwanza na sisi wa kupoza uji mwisho, na kando ya bwawa walisimama watu wawili wenye kamba na maboya, macho yao hayatoki kwetu. Mchungaji alikuwa kundi langu. Alifika katikati akashika ukingo, akapumua, hakuna aliyempigia kelele, akaendelea. Nilipotoka majini niliteleza kidogo pamoja na maonyo yote, mwanafunzi mmoja wa uuguzi akanitupia taulo mabegani, mwingine akanifunga kofia kidevuni kama anamvisha mtoto, nikaondoka. Nilikuwa wa tatu kutoka mwisho. Kwenda Veyula upepo ulikuwa mgongoni, lami laini, trafiki wamesimama kwenye kona wakizuia magari kwa mkono mmoja na kutupungia kwa mwingine. Kwenye kituo cha maji walitupa pia vishada vya zabibu vilivyotoka shambani asubuhi ileile. Nikala nikiendesha, maji ya zabibu yakanichuruzika mpaka kwenye viwiko, na nikakumbuka, kwa mshangao, kwamba nilikuwa nafurahi.

Njia panda ya Zuhura niliiona kabla sijaifikia. Alikuwa amejifunga khanga ya njano kiunoni na nyingine ameishika mkononi, anaipepea kuelekea kulia, na tawi la kushoto alikuwa ameliziba kwa miiba kama anafunga zizi. Sista Yudita alikuwa chini ya mwavuli. Zuhura aliniita kwa jina, akanihesabia nani wako mbele yangu na wako karibu kiasi gani, akaniambia mchungaji bado yuko nyuma yangu, anakuja, yuko salama. Nikapita. Njia ya mashambani ilizunguka na kurudi palepale, na huko ndani, kwenye mchanga, cheni ikatoka. Si kwamba ilitoka tu, ilibana. Nilihangaika nayo mpaka mikono ikawa myeusi. Mchungaji akanikuta, akataka kusimama, nikamsihi aende. Mwalimu yule wa sekondari naye akapita akanipa pole. Baada ya hapo hakukuwa na mtu, ila pikapu ya nyuma, iliyosimama mbali kidogo na kuzima injini. Dereva alishuka, akauliza kama nataka msaada au nataka kupanda. Hakuonyesha kwamba anapenda jibu gani. Nikasema msaada, akanisaidia kuinasua cheni, akarudi garini kwake akangoja niondoke kwanza.

Niliporudi njia panda kwa mara ya pili upepo ulikuwa umegeuka kuwa ule wa mchana, unaokuja na mchanga na kukupiga usoni. Wote walikuwa wamepita zamani. Hata kama Zuhura asingekuwepo ningeijua njia, nilikwishapita pale. Lakini alikuwepo. Khanga zilikuwa zimebadilika rangi kwa vumbi, nyusi zake nyekundu, ameinamia upepo. Hakupiga makofi. Alikimbia kando ya baiskeli hatua kadhaa, mkono wake mgongoni kwangu, hasukumi, ameuweka tu.

"Nyuma yako niko mimi," akasema. "Nenda."

Nilikwenda, na nililia kidogo mpaka vumbi likawa tope mashavuni. Zuhura na Sista Yudita wakapanda pikapu, na pikapu ikanifuata polepole, na kila kituo tulichopita kikakunjwa na watu wake wakapanda nao, hivyo nilipofika Miyuji kuanza mbio nyuma yangu kulikuwa na gari limejaa watu wanaoimba. Mbio zilikuwa zangu, lakini miguu haikukubali kitu hicho tena. Nilitembea, nikakimbia, nikatembea. Kisha nikaona jambo la ajabu: barabara nzima ya kuingia kituoni ilikuwa imejaa watu pande zote mbili. Waliomaliza walikuwa hapo, wake zao, waume zao, kwaya, masista. Nilidhani ni upendo, na kwa sehemu ulikuwa upendo, lakini baadaye Bwana Temu alinieleza kwamba Mama Ndahani amekalia sufuria. Alikuwa ametangaza kwamba hakuna sahani itakayopakuliwa mpaka wa mwisho afike, na harufu ya mbuzi ilipozidi watu wakatoka kuja kunitazama barabarani, na kwa kuwa walikuwa hapo wakaanza kushangilia, na walipoanza kushangilia wakapendezwa. Katekista mwenye kipaza sauti alitaja jina langu, chuo changu na namba yangu kwa sauti ileile aliyomtajia mshindi. Utepe walikuwa wameufunga upya. Niliukata kwa kifua.

Tulikula chini ya turubai, ugali wa uwele, nyama, mlenda, kachumbari kali, na zabibu kwenye mabeseni. Niliwasikia karani wa bungeni na mwalimu wakibishana nani alimpita nani kwenye kona ya pili, kwa furaha kubwa, ingawa wote wawili walikuwa nyuma kabisa. Kijana aliyeshinda alikuwa akimfundisha mchungaji jinsi ya kuvuta pumzi majini, kwa kutumia bakuli la mchuzi. Niliwatazama nikifikiri kwamba kwenye bwawa lile la mwezi wa tano sikumjua mtu hata mmoja kwa jina, na hapa sasa nilijua hata nani anaogopa nini. Zuhura hakuwa anakula. Alikuwa amesimama kwenye mikwaju, mkono kwenye usukani wa baiskeli yake, ile aliyonipa. Kisha akaja mpaka alipokaa Mama Ndahani, akachuchumaa mbele yake, na akasema kwa sauti ndogo kwamba anaomba kwenda Veyula na kurudi. Sasa hivi, kabla hajabadilisha mawazo.

Sote tulidhani Mama Ndahani angemwambia apumzike, ale, kuna siku nyingine.  Badala yake akavaa miwani yake, akapiga kijiko kwenye sahani mpaka watu wakanyamaza, akasema kuna mshindani mmoja bado hajaondoka, kwa hiyo anaomba kila mtu arudi kwenye kituo chake. Hakueleza zaidi. Dereva wa pikapu alikuwa na mfupa mdomoni; aliuweka chini. Sista Yudita akachukua mwavuli. Wale wa zabibu wakabeba beseni lao kama lilivyo. Trafiki mmoja, ambaye zamu yake ilikuwa imekwisha na alikuwa ameshafungua mkanda, akaufunga tena. Mimi, niliyekuwa siwezi kupanda ngazi, nikaomba niwekwe njia panda, nikapewa ile khanga ya njano, na Zuhura akasubiri mpaka sote tukafika mahali petu. Ndipo katekista akamwachia aende.

Nilimwona akitokea mbali, peke yake kwenye lami, amejiinamia, anapanda kilima kama anavyopanda vya kwao. Alipofika kwangu alikuwa anazungumza. Sijui alikuwa amekuwa akizungumza tangu wapi. Alikuwa akinisimulia jinsi wale wa kituo cha kwanza walivyomlazimisha kula zabibu, na maneno yakaendelea hata aliposhika njia ya kulia na kupotelea mashambani, na niliyasikia tena aliporudi, yakiwa bado hayajakwisha.

Alimaliza jua likiwa limeanza kulegea. Alikataa kuvishwa medali akiwa bado juu ya baiskeli. Alitaka kwanza kukaa. Alikaa chini, mgongo kwenye mkwaju, viatu vimejaa mchanga, akapewa sahani ya nyama iliyopoa akaila yote. Pikapu ikarudi ikiwashusha watu wa vituo, na kila mmoja aliyeshuka, kabla ya kwenda kutafuta sahani yake, alipita kwanza pale alipokaa akampa mkono.